Sensa ya boila inasema kweli? Namna ya kuipima kwa pacha wa kidijitali bila kuzima mtambo

Wakuu, huku kusini msimu wa korosho ukishachanganya hakuna bosi wa kiwanda cha kubangua atakayekubali uzime boila eti unataka kufungua sensa moja uipeleke ikapimwe. Boila ikizima mvuke hamna, mvuke ukikosekana korosho hazipikwi, na wabanguaji wanaolipwa kwa kilo wanakaa wanakuangalia wewe. Maabara yenye cheti ya kukalibreti unaifuata Dar, kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, kwa hiyo kwenye viwanda vidogo vingi sensa ikishafungwa ndo imefungwa, inasoma miaka na miaka, na watu wanaiamini kwa sababu tu ina kioo kinachowaka namba.

Pacha wa kidijitali anasaidia hapo. Ukisikia hilo jina utadhani ni mambo ya Madimba au Songo Songo kwenye mitambo ya gesi, sio lazima iwe hivyo. Wazo lenyewe Michael Grieves alilileta mwaka 2002 akiongelea bidhaa za viwandani, jina likaja baadaye kupitia watu wa NASA, ila msingi wake mwepesi sana: unaandika kwenye kompyuta hesabu zinazoeleza mtambo wako unavyofanya kazi, unazilisha data inayotoka kwenye mtambo muda huohuo, nazo zinakujibu kwamba kwa haya yanayoingia na kutoka, geji ile pale ilitakiwa isome kiasi hiki. Geji ikisoma kingine ujue kuna jambo.

Jambo gani sasa, hapo ndo kazi ilipo. Pacha ni shahidi tu. Anakwambia maelezo hayalingani, hakwambii nani mwongo. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa bomba linavuja, inaweza kuwa pacha mwenyewe hesabu zake mbovu. Na kuna mtego mmoja mkubwa kuliko yote: ukimtengeneza pacha kwa data ya sensa ileile unayotaka kuikagua, na sensa hiyo ilikuwa imeshapotoka tangu siku hiyo, pacha atakua anaamini uongo wake na kila siku atakwambia mambo safi kabisa. Nitarudi hapo maana watu wengi wanapita juu juu.

Nachukulia mfano wa kiwanda kidogo cha korosho, boila inachoma maganda, mvuke presha kama bar 7 kwenye geji, kuna tanki la maji ya boila, mita ya maji, sensa ya joto aina ya Pt100 (ile ambayo ukinzani wake wa umeme, yani ohm, unapanda joto likipanda) kwenye bomba la mvuke na transmita ya presha (kifaa kinachogeuza presha kuwa umeme wa miliampia 4 mpaka 20). Kama wewe uko kwenye saruji, barafu ya samaki au pampu za maji ya mji, mantiki ni ileile badilisha hesabu tu.

Vifaa

Laptopu ya zamani inatosha, au Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, kama unataka kitu cha kuacha kinawaka usiku na mchana. Kama kiwanda kina PLC (kompyuta inayoendesha mtambo) data utaivuta kwa Modbus (lugha ya vifaa vya viwandani kupeana data), kama hamna PLC nunua kimoduli kinachosoma miliampia 4 mpaka 20 kinachotoa Modbus, vipo na sio ghali. Programu ni Python, na kama Python bado inakutisha anza na Excel, usione aibu, hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kutoa. Kitu kimoja usidharau: saa. Umeme ukikatika ukarudi kifaa kikaanza kuhesabu muda upya, data ya presha ya saa nne itakaa na data ya joto ya saa tano na pacha ataona uongo ambao haupo, kwa hiyo weka betri ndogo ya saa kwenye kifaa na kila rekodi iwe na muda wake.

Ukiwa unavuta data vuta miliampia zenyewe pia, sio tu bar na nyuzi. Transmita ya bar 0 mpaka 10 kwenye bar 7 inatakiwa itoe miliampia 15.2, yani 4 jumlisha 0.7 mara 16. Ukiona waya unatoa 15.2 lakini skrini inaonyesha 6.5 basi transmita haina kosa, kuna mtu aliweka skeli vibaya kwenye PLC, na hilo ni la kurekebisha kwa kibodi bila kugusa spana.

Hesabu ya kwanza: mvuke wenyewe

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu hautungi chochote, asili imeshakuandikia. Mvuke ulioshiba, yani ule ambao bado uko pamoja na maji yake ndani ya boila, joto lake na presha yake vimefungwa pamoja, ukijua kimoja umejua cha pili. Kwenye bar 6 kamili ni nyuzi 158.8, bar 7 ni 165.0, bar 8 ni 170.4, bar 9 ni 175.4, bar 10 ni 179.9. Kamili maana yake geji jumlisha hewa ya nje, na sisi Mtwara na Lindi tuko usawa wa bahari kwa hiyo unajumlisha bar 1.01 basi. Geji ikisema 7 unaenda kwenye bar 8 kamili, nyuzi 170.4. Jedwali hilo lote unaliingiza kwenye kompyuta, namba za katikati unaziacha kompyuta izikadirie, na hapo tayari una pacha mdogo wa kwanza: presha inamkagua joto na joto linamkagua presha.

Sasa tuseme geji inasema 7 na Pt100 inasema 164. Tofauti nyuzi 6 na kitu. Kabla hujafungua chochote jiulize mtambo uko kwenye hali gani. Asubuhi boila ikianza kuna hewa ndani ya mabomba, na hewa ikichanganyika na mvuke, geji inapima jumla ya vyote viwili wakati joto linafuata sehemu ya mvuke peke yake. Hewa ikiwa sehemu 1 kati ya 10 kwenye bar 8 kamili, mvuke unabaki na bar 7.2 na joto linashuka hadi kama nyuzi 166, hapo hakuna sensa yenye kosa, ni hewa haijatolewa. Halafu sensa ya joto inakaa ndani ya kifuko cha chuma, chuma kinachelewa kupata moto, kwa hiyo presha ikipanda ghafla joto linakuja nyuma nyuma. Kwa hiyo mwambie pacha asilinganishe chochote mpaka presha itulie, mfano isiwe imesogea zaidi ya bar 0.1 ndani ya dakika 5, na saa ya kwanza ya asubuhi aiache. Ukikosa hiyo sheria ndogo utapata kengele kila asubuhi, wiki ya pili watu wameshazima kengele.

Kama mtambo umetulia na hewa imetoka na bado tofauti ipo, sasa twende kwenye waya. Kila nyuzi 1 kwenye Pt100 ni kama ohm 0.385. Huku kwetu adui ni wawili, chumvi ya bahari na unyevu, na wanavuta pande tofauti, hii inasaidia sana kumkamata mhusika. Sensa ya waya mbili, kutu kwenye terminali inaongeza ohm, ohm 1 tu ya kutu inafanya usome juu karibu nyuzi 2.6. Lakini unyevu ukiingia kwenye kichwa cha sensa unafungua njia ya pembeni ya umeme na ohm zinapungua, unasoma chini. Kwa mfano wetu kwenye 170.4 Pt100 inatakiwa iwe ohm 164.92, na ili isome 164 inabidi ionekane kama 162.54, njia ya pembeni ya kama kilo-ohm 11 inatosha kufanya hivyo, na hiyo ni unyevu wa kawaida tu wa kichwa ambacho mtu alisahau kukaza mfuniko. Ikiwa ni ya waya tatu nayo ina tabia yake, kutu ikikaa kwenye ule waya wa kufidia kifaa kinapunguza ohm nyingi kuliko inavyotakiwa na unasoma chini. Kwa hiyo kama inasoma chini fungua kichwa uangalie unyevu na huo waya wa tatu kwanza, usikimbilie kununua sensa mpya. Sababu nyingine ya kusoma chini ni kifuko kifupi ambacho ncha yake haifiki katikati ya bomba, joto linakimbilia nje kupitia chuma.

Upande wa presha kosa la kawaida ni bomba dogo la kupeleka presha kwenye transmita. Lile bomba linajaa maji, na mita 1 ya maji ni kama bar 0.1. Transmita ikifungwa mita 2 chini ya pale mvuke unapochukuliwa inasoma bar 0.2 juu kila siku ya Mungu, na kwenye presha ya 7 hiyo ni karibu nyuzi 1 ya tofauti kwa pacha. Aliyefunga alitakiwa aitoe hiyo kwenye sifuri, wengine wanatoa wengine hawatoi.

Hesabu ya pili: tanki

Hapa ndo ukweli wa pacha unapoonekana kwa macho. Maji yaliyoingia toa yaliyotoka lazima yawe sawa na yaliyoongezeka. Kwenye programu ni mstari mmoja:

kimo kipya = kimo cha zamani + (yanayoingia − yanayotoka) × muda ÷ eneo la tanki

Tanki la duara lenye upana wa mita 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.131, kwa hiyo sentimita 1 ya kimo ni lita 11.3. Pima upana wewe mwenyewe kwa utepe, wa ndani sio wa nje, usichukue namba kwenye karatasi ya muuzaji.

Jaribio lenyewe: subiri pampu ya boila isimame, funga valvu ya kutoka, acha maji yaingie dakika 10. Mita ikisema yanaingia lita 2,000 kwa saa basi kwa dakika 10 ni lita 333 na kimo kinatakiwa kipande sentimita 29.5. Tuseme sensa ya kimo, ile ya altrasoniki inayokaa juu ya tanki na kupiga mlio unaorudi, inasema kimepanda 27.9 tu. Fundi wa haraka atasema mita ya maji inasoma juu kwa asilimia 6, anaandika ripoti, mita inabadilishwa, na tofauti inabaki palepale.

Angalia kilichopo juu ya maji. Tanki la boila linarudishiwa maji ya moto yaliyotoka kwenye mvuke, kwa hiyo hewa iliyo kati ya sensa na maji inaweza kuwa na nyuzi 60. Mwendo wa sauti kwenye nyuzi 25 ni kama mita 346 kwa sekunde, kwenye 60 ni kama 366. Kama sensa haina kipimo chake cha joto, au kinacho lakini kinapima joto la boksi la nje, inadhani sauti inaenda polepole kuliko inavyoenda, mwangwi unarudi mapema, inasema maji yako karibu kuliko yalivyo. Nafasi ya sentimita 80 inasomwa kama 75 na kidogo. Na mabadiliko ya sentimita 29.5 yanasomwa kama 27.9, ndo hiyohiyo asilimia 6 uliyotaka kumbebesha mita ya maji. Kumbe mita haina hatia.

Utajuaje sasa kwamba ni altrasoniki na sio mita? Hesabu moja ikiwa na sensa mbili haiwezi kukwambia, hata uiandike kwa programu ya bei mbaya namna gani. Lazima upate shahidi wa tatu. Fimbo iliyochorwa sentimita ukiichovya kwenye tanki ni shahidi mzuri sana, bomba la kioo la pembeni ni shahidi, kurudia jaribio asubuhi tanki likiwa la baridi ni shahidi mzuri kuliko wote kwa sababu mita ya maji haijali joto la hewa ya tanki wakati altrasoniki inajali. Asubuhi tofauti ikipotea na mchana ikarudi umeshampata. Ukishajua hivyo unamwongezea pacha sensa ndogo ya joto juu ya tanki, anasahihisha mwendo wa sauti mwenyewe, na altrasoniki inaendelea na kazi bila kubadilishwa.

Hesabu ya tatu naisema kwa ufupi: maji yaliyoingia boila kwa siku nzima yanatakiwa yalingane na mvuke uliotoka kwenye mita ya mvuke, ukitoa yale ya blodauni, yani maji machafu yanayomwagwa kutoka chini ya boila. Ichukue ya siku, usichukue ya dakika, maana kimo ndani ya boila kinacheza. Kama mita yako ya mvuke ni ya sahani yenye tundu, kumbuka inapima tofauti ya presha na kupata mtiririko kwa kipeuo cha pili: mtiririko ukishuka hadi asilimia 10, presha inashuka hadi asilimia 1, na hapo hata kosa dogo la transmita ni kubwa mno, kwa hiyo saa za mtiririko mdogo zitupe usizilinganishe. Na blodauni haina mita. Hapa inabidi ushuke ukaongee na mtu wa boila.

"Shikamoo mzee, jana mlifanya blodauni mara ngapi?"

"Marahaba. Asubuhi moja, na jioni moja, maji yalikuwa machafu kijana wangu."

"Kila mara muda gani?"

"Mpaka yatoke meupe."

Jibu la namna hiyo usilicheke, liweke kwenye daftari, muombe siku inayofuata aangalie na saa. Tofauti nyingi zinazoonekana kama sensa mbovu ni vitu ambavyo mtu wa boila anavijua na kompyuta haivijui, mwambatanishe kwenye huu mchezo toka mwanzo akuone unamuongezea heshima, asione unamchunguza.

Kumlea pacha

Nilisema nitarudi hapa. Data ya kumfundishia pacha, yani ya kujua tofauti ya kawaida ni kiasi gani mtambo ukiwa mzima, lazima ichukuliwe siku ambayo sensa zimekaguliwa kwa kitu kingine kisichohusiana nazo. Sio lazima maabara. Kabla ya msimu, mtambo ukiwa umelala, toa Pt100 uiweke kwenye barafu iliyopondwa iliyochanganywa na maji safi, isome sifuri, ohm 100. Barafu ya wauza samaki ile iliyokwishamwagiwa chumvi usichukue, chumvi inashusha chini ya sifuri. Halafu maji yanayochemka kwelikweli, nyuzi 100, ohm 138.51. Sisi wa pwani tuna bahati maana ukienda Songea maji yanachemka kwenye karibu 96 na mtu asiyejua ataibebesha sensa iliyo nzima makosa yasiyo yake. Transmita ya presha ifungue kwa hewa, lazima itoe miliampia 4, halafu ilinganishe na geji moja nzuri yenye cheti ambayo unaitunza kwenye boksi, haifungwi kwenye mtambo, haiazimwi mtu.

Kuanzia hapo acha mtambo ufanye kazi wiki moja mbili, rekodi tofauti kati ya sensa na pacha, tafuta wastani wake na upana wake, yani zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani (standard deviation). Upana huo ndo kelele yako ya kawaida.

Na uwe mkweli kuhusu pacha anaweza kuona kidogo kiasi gani. Pt100 ya daraja B kwenye nyuzi 170 inaruhusiwa kukosea nyuzi 1.15, ndo kanuni yake: 0.3 jumlisha 0.005 mara joto. Daraja A inaruhusiwa 0.49. Transmita ya presha ya nusu asilimia kwenye bar 10 inaweza kukosea bar 0.05, na maeneo haya bar 1 ni kama nyuzi 5.2, kwa hiyo hiyo ni nyuzi 0.26. Zikutanishe kwa kuzidisha kila moja kwa yenyewe, kujumlisha na kutafuta kipeuo cha pili, unapata kama 1.18. Zidisha mara mbili upate kama 2.4. Chini ya nyuzi 2.4 pacha wako wa mvuke hana haki ya kumshutumu mtu yeyote, hata kama grafu inaonekana nzuri. Ukitaka aone kidogo zaidi nunua Pt100 ya daraja A, programu mpya haitakusaidia hapo.

Kusoma tofauti

Ukiwa na grafu ya tofauti ya wiki kadhaa, umbo lake linaongea. Ikiruka ghafla ikakaa hapo, mtu ameigusa, waangalie mafundi waliofanya kazi siku hiyo au skeli imebadilishwa. Ikipanda polepole kidogo kidogo wiki kwa wiki, ndo sensa inazeeka au kutu inakua. Ikianza kurukaruka, upana unaongezeka wakati wastani uko palepale, terminali imelegea, tafuta waya unaotikisika na mtambo. Na ikiwa sensa yenyewe imenyooka kama rula, haina hata kelele kidogo, usifurahi, hiyo imeganda, sensa hai huwa inapwaya kidogo. Ikitoa chini ya miliampia 3.6 au juu ya 21, transmita nyingi za kisasa zinatumia hizo namba kusema zenyewe ni wagonjwa, hapo huhitaji pacha.

Ile inayopanda polepole ndo ngumu, kwa sababu kila siku peke yake ni ndogo. Kuna mbinu ya tangu mwaka 1954 ya kujumlisha tofauti: kila saa unachukua jumla ya zamani, unaongeza tofauti ya sasa ukiwa umeitoa wastani wake wa kawaida, unatoa posho ndogo kama nusu ya upana wa kelele, jumla ikiwa chini ya sifuri unaiweka sifuri. Jumla ikivuka mara 5 ya upana wa kelele, piga kengele. Fanya moja ya upande wa juu na moja ya upande wa chini. Inakamata mambo ambayo jicho la mtu haliyaoni mpaka yamekuwa makubwa, na kwenye Excel ni safu mbili tu.

Kumtafuta mhusika tengeneza jedwali dogo: huku sensa, huku hesabu tatu, weka alama sensa ipi iko ndani ya hesabu ipi. Joto la mvuke liko kwenye hesabu ya kwanza peke yake. Mita ya maji iko kwenye ya pili, na kama ndo mita hiyohiyo inayohesabu maji ya boila iko na kwenye ya tatu. Transmita ya presha iko kwenye ya kwanza, na kwenye ya tatu kama mita ya mvuke inaitumia kupata uzito wa mvuke. Hesabu ya pili na ya tatu zikilia pamoja na ya kwanza iko kimya, anza na mita ya maji. Ya kwanza na ya tatu zikilia, anza na presha. Ya kwanza peke yake, anza na joto. Ya tatu peke yake, kamuulize mzee wa boila kuhusu blodauni, tembea ukatafute mvuke unaovuja, ukimaliza ndo uiguse mita ya mvuke. Zote tatu zikilia siku moja, angalia saa ya kompyuta.

Mipaka

Pacha asiunganishwe kamwe na vitu vya usalama. Valvu ya usalama, kifaa cha kuzima moto wa boila maji yakipungua, swichi ya presha ya juu, hivyo vina kazi yao na vinakaa peke yao kwa waya zao. Pacha anashauri tu. Kuna watu wanataka ajirekebishie sensa mwenyewe, yani pacha akiona Pt100 inasoma chini nyuzi 6 anaongeza 6 kimyakimya, mimi sikubaliani nayo kwenye boila hata kidogo, maana siku tofauti ikiwa sio ya sensa bali ni hewa au maji, unaficha tatizo la kweli nyuma ya namba nzuri.

Na pacha hatoi cheti. Mkaguzi wa mitungi ya presha akija anataka karatasi ya maabara inayofuata ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo), hatataka grafu zako. Mizani ya kununulia korosho nayo ni ya Wakala wa Vipimo, usimpeleke pacha huko. Anachokupa ni kuchagua: badala ya kufungua sensa zote na kuzipeleka Dar unapeleka zile ambazo zimeonyesha dalili, na zile nyingine una rekodi ya msimu mzima ya kwamba zilikuwa zinakubaliana na wenzake.

Ukibadilisha sensa, ukisafisha magamba ndani ya boila, ukibadilisha bomba au kusogeza transmita, pacha wa jana sio pacha wa leo. Andika tarehe, futa jumla zote zirudi sifuri, chukua upya wastani na upana wa kelele kwa siku kadhaa za mtambo uliotulia ndo uwashe kengele tena. Faili la zamani usilifute, liweke na jina la tarehe, maana sensa mpya nayo ikianza kuhama utataka kulinganisha inavyohama na ile ya kwanza ilivyohama, na mara nyingi utakuta tatizo lilikuwa mahali ilipofungwa na sio sensa.